Vita vya Panzi: Mama na Binti katika "Nitaolewa Nikipenda"

Msomaji mpenzi, katika mambo yote ambayo mama na binti yake waweza kuyagombania chini ya paa moja, hapana lililo zito kama ndoa. Ugomvi wa kazi huisha kazi inapokwisha, na ugomvi wa nguo huisha nguo inapochakaa. Lakini ugomvi wa ndoa ni ugomvi juu ya maisha yote yaliyobaki, ya binti na ya mama pia. Kwa sababu hiyo watungaji wa kila zama wameupenda sana. Mpe mtungaji mama mmoja, binti mmoja na mchumba asiyekubalika, naye atakupa hadithi kabla jua halijatua.

Lakini urahisi huo ndio hatari yake. Mtungaji mvivu hutazama upande mmoja tu. Akiwa mzee, humfanya binti mpumbavu asiyesikia, na mwisho wa hadithi binti hulia na kujuta. Akiwa kijana, humfanya mama kizee mwenye choyo, anayehesabu mbuzi wakati mwanawe anahesabu machozi. Hadithi zote mbili hupendeza kwa siku moja, kisha husahauliwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona katika nyumba ya kweli mama aliye choyo kitupu wala binti aliye upumbavu mtupu.

Kwa hiyo msomaji anayetaka kuhukumu kazi ya namna hii kwa haki, na ajiulize maswali matatu. Swali la kwanza: je, mama na binti wamepewa kila mmoja sababu ambayo mtu mwenye akili aweza kuitetea? Swali la pili: je, wanagombania ndoa kweli, au wanagombania kitu kingine kilichovaa nguo za ndoa? Swali la tatu: ugomvi wao unamfaidi nani? Nitayatumia maswali haya kuupima mchezo mmoja mashuhuri wa Kenya, yaani "Nitaolewa Nikipenda". Lakini kabla ya kuingia katika mchezo wenyewe, yafaa tutazame kwanza tulichobeba mikononi tunapokwenda kuusoma.

Wewe usomaye katika Mwingi, au Kitui mjini, au Wote katika Makueni, huendi kwenye kitabu hiki mikono mitupu. Unajua maana ya ntheo. Unajua kwamba kwa desturi ya Wakamba ndoa haijawa ndoa mpaka mbuzi wa ntheo wafike nyumbani kwa wazazi wa msichana na desturi yao itimizwe. Na mpaka leo, watu wanaposhindania mirathi ya marehemu mbele ya mahakama za Kenya, hakimu huuliza kama ntheo ilifanyika, ili ajue nani alikuwa mke na nani hakuwa. Pengine umesikia pia habari za iweto: mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza, kwa desturi hiyo hiyo, kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa walishike jina la nyumba yake na ardhi yake. Sikutajii mambo haya ili uyasifu au uyalaumu. Nayataja kwa kuwa yanatufundisha jambo moja ambalo msomaji wa mjini huenda asilione upesi: kwa mama wa zamani ndoa ilikuwa ukuta wa nyumba. Asiyekuwa na ukuta alilala nje. Basi mama anayepiga kelele juu ya ndoa ya bintiye huenda anapiga kelele kama mtu aonaye ukuta wake unapasuka. Yawezekana amekosea mahali pa ufa, lakini hofu yake si ya mchezo.

Tena unajua nchi yenyewe. Mwingi ni nchi kavu. Mvua zake ni mbili kwa mwaka, na mara nyingi moja hushindwa, na pengine zote mbili. Mwaka wa neema kuna mtama, pojo, kunde na asali, na mbuzi wananenepa. Mwaka wa njaa mbuzi wanauzwa kwa bei ya kuku, na punda huenda mbali kutafuta maji. Katika mwaka wa namna hiyo kila kitu cha nyumbani hutazamwa kwa jicho la pili: hiki chaweza kuuzwa, na hiki je? Si ajabu jicho hilo likimfikia binti. Na barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa hupita katikati ya mji wa Mwingi, ikipitisha usiku na mchana magari yasiyosimama, na machache yanayosimama. Msichana akaaye kando ya barabara ya namna hii hahitaji kuambiwa na mtungaji yeyote kwamba gari laweza kumpeleka mtu mbali kuliko alivyotaka kwenda.

Sasa tutazame jinsi fasihi yetu ilivyolichukua jambo hili, kwa maana mchezo wetu haukuzuka peke yake. Kabla yake zilikuwapo njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni ya wasia. Mfano wake mkubwa ni utendi wa Mwana Kupona binti Msham, uliotungwa pwani ya kaskazini ya Kenya karibu na mwaka 1858. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, naye alimtungia binti yake, Mwana Hashima, beti mia moja na mbili za mafundisho juu ya dini, adabu na namna ya kukaa na mume. Ni kazi nzuri, na mapenzi ya mama yamo katika kila ubeti. Lakini angalia umbo lake: mama anasema, binti anasikiliza. Hatujui Mwana Hashima alifikiri nini. Pengine alikubali yote. Pengine alikuwa na swali moja alilolimeza. Utendi haukumwachia nafasi ya kulitoa, wala haukuwa na wajibu huo, kwa kuwa wasia si mabishano.

Njia ya pili ni ya ngano. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki husimuliwa hadithi ya msichana mzuri aliyewakataa wachumba wote waliopendekezwa na wazazi wake, akamchagua mgeni mwenye sura ya kupendeza, na mgeni yule akawa zimwi. Ukambani ni nchi ya hadithi. Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulago, Kitui, mwaka 1931, alianza kuchapisha katika lugha yake mapema, akatoa "Mutunga na Ngewa Yake" mwaka 1954, kisha akakusanya hadithi za Wakamba katika kitabu kilichotoka mwaka 1966. Katika ngano ya msichana na zimwi binti amepewa nafasi ya kusema, naye husema neno moja: sitaki. Lakini nani anayesimulia? Aghalabu ni mama au nyanya, jioni, karibu na moto, na wasikilizaji wake ni wasichana wanaokaribia umri wa kuposwa. Kesi hii basi huamuliwa na mlalamikaji mwenyewe. Zimwi ni hakimu aliyeajiriwa na mama.

Mchezo wa kuigiza ni njia ya tatu, nao una jambo ambalo wasia na ngano hazina. Katika mchezo, mama na binti husimama jukwaani pamoja, kila mmoja na kinywa chake, na mtungaji hana ruhusa ya kujitokeza kati yao kutuambia nani ana haki. Sisi tunaotazama ndio hakimu. Kwa hiyo mchezo ukishindwa kuwapa wote wawili haki yao, umeshindwa katika kile hasa ulichoumbiwa.

"Nitaolewa Nikipenda" ulitungwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa jina la "Ngaahika Ndeenda". Ulichezwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na wachezaji wake walikuwa watu wa kijiji chenyewe, wakulima na wafanyakazi wa mashamba na viwanda. Mwezi wa Novemba mwaka huo serikali iliuondolea ruhusa ya kuchezwa, na tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, asitoke mpaka Desemba 1978. Mchezo ukachapishwa kwa Kikuyu mwaka 1980, ukatoka kwa Kiingereza mwaka 1982, na Kiswahili nacho kikaupata. Watungaji wote wawili sasa ni marehemu: Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifariki mwaka 2008, na Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 2025. Kwa ajili ya mikasa hiyo watu wengi huuzungumza mchezo huu kama mchezo wa siasa tu, juu ya matajiri na maskini. Ndivyo ulivyo, lakini siasa yake inaingia kwa mlango wa jikoni. Inaanza na mama na binti.

Hadithi yake kwa ufupi ni hii. Kiguunda ni kibarua katika shamba la tajiri aitwaye Ahab Kioi wa Kanoru. Mali yake yote ni ekari moja na nusu, na hati ya shamba hilo ameiweka ukutani kama picha ya mtu mpenzi. Mkewe ni Wangeci, na binti yao ni Gathoni. Gathoni anafuatwa na John Muhuuni, mtoto wa Kioi, mwenye gari. Siku moja yule tajiri atuma habari kwamba yeye na mkewe, Jezebel, watakuja kuwatembelea. Ajabu gani hii! Wenye nyumba wanajiuliza: wanakuja kuposa? Kumbe wageni wana neno jingine. Wanawataka Kiguunda na Wangeci, waliooana zamani kwa desturi ya kwao, wakafunge ndoa upya kanisani, kana kwamba miaka yao yote ya ndoa ilikuwa dhambi. Kiguunda akasirika, lakini tumaini la kuolewa kwa Gathoni linamlegeza, na mwisho akopa fedha benki kwa ajili ya arusi hiyo, na shamba ndilo rehani. Wakati huo huo Gathoni ashika mimba, na John Muhuuni amkana. Wazazi waenda kudai haki kwa Kioi, wapata dharau. Kazi inapotea, deni linadaiwa, shamba linapigwa mnada, na mnunuzi ni Kioi mwenyewe.

Sasa turudi kwenye maswali yetu. La kwanza: je, kila mmoja amepewa sababu? Hapa mchezo unastahili sifa kubwa. Wangeci amlaumu binti yake kwa maneno makali. Amwona mvivu, amwona mtu wa kujipamba, naye aona nguo na viatu vipya ambavyo hapana mshahara wa nyumbani uliovinunua. Mama yeyote angeuliza. Lakini jibu la Gathoni si jibu la msichana mpumbavu. Amwuliza mama yake kwa nini hakupelekwa shule. Kwa nini aliachwa achume majani ya chai na buni za kahawa, na ujira wake ukachukuliwa kulipa karo ya ndugu yake wa kiume. Amfahamisha kwamba naye ana macho, awaona wasichana wa rika lake wamevaa vizuri, na hataki kuzikwa hai katika majivu ya jiko.

Tua hapa, msomaji, usome tena. Ugomvi ulioanza kwa uvivu na nguo sasa umefika kwenye karo. Hili ndilo jibu la swali la pili. Mama na binti hawa hawagombani juu ya John Muhuuni. John Muhuuni ni jina la deni ambalo halikulipwa. Binti aliyenyimwa shule anadai thamani yake kwa njia pekee aliyoachiwa, yaani sura yake na ujana wake. Na mama aliyemnyima shule, si kwa ubaya bali kwa umaskini na kwa desturi ya kumtanguliza mtoto wa kiume, hana neno la kumrudishia. Watungaji wameona jambo ambalo wenye kuhubiri juu ya wasichana wapotovu hawakuliona: kabla ya kumwuliza msichana kwa nini alipanda gari lile, muulizeni kwanza nani alimfungia mlango wa darasa.

Tena watungaji wameona jambo la pili, gumu zaidi. Inaposikika kwamba wakubwa wanakuja, na pengine wanakuja kuposa, moyo wa Wangeci wageuka. Nyumba ile iliyomtia hofu sasa yamtia tumaini. Basi mama na binti, ambao tulidhani wamesimama pande mbili, kumbe wanatazama lango moja. Binti ataka kuingia kwa mapenzi, mama ataka kuingia kwa heshima; lakini wote wawili wataka kutoka katika umaskini, na wote wawili wamedhani mlango wa kutokea ni ndoa. Ndiyo sababu nasema ni makosa kuuita ugomvi wao vita vya zamani na sasa. Hapana wa zamani hapa wala wa sasa. Ni watu wawili wenye njaa moja.

Nani, basi, anafaidi? Wazee wetu walisema: vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kunguru wa mchezo huu ni Kioi, na watungaji hawakutuficha. Wamemwita Ahab, na mkewe wakamwita Jezebel, na aliyesoma Biblia hukumbuka mara moja mfalme Ahabu na malkia Yezebeli, waliolitamani shamba la mizabibu la Nabothi mpaka mwenye shamba akauawa. Wakati mama anatazama viatu vya binti, na binti anatazama dirisha la gari, Kioi anaitazama hati iliyo ukutani. Na hapa pana kinaya kikubwa kupita vyote vya mchezo: arusi inayopangwa jukwaani si ya binti hata kidogo, ni ya wazazi. Mama aliyehangaika juu ya ndoa ya mwanawe ndiye anayeshonewa nguo za bibi arusi, kwa gharama ya shamba. Na ndoa iliyodharauliwa ni ile aliyokuwa nayo tayari. Msomaji wa Mwingi anayejua ntheo ataelewa uchungu wake kuliko mtu mwingine. Mwambie mama aliyeolewa kwa ntheo, akazaa, akalima, akazika, kwamba tangu siku ile hakuwa mke. Utaona kama ni jambo dogo. Si ibada ya kanisa ninayoilaumu, maana wengi huifanya kwa imani na kwa furaha. Nalaumu, pamoja na watungaji, mtu anayeitumia ibada kama ndoana.

Hizi ni sifa za mchezo. Lakini mhakiki anayesifu tu ni mpiga ngoma, na ngoma hulia jinsi inavyopigwa. Mchezo huu una upungufu, na sharti tuutaje.

Upungufu wa kwanza uko katika jina la mchumba. Muhuuni! Hata asiyejua Kikuyu anasikia neno "mhuni" ndani yake. Kwa jina hilo hukumu imetolewa kabla ya kesi kusikilizwa. Gathoni hakupewa nafasi ya kuchagua vizuri. Alipewa nafasi ya kuchagua vibaya tu. Je, kama angempenda kibarua mwenzake, kijana maskini mwenye adabu, Wangeci angesemaje? Hapo ndipo tungeujua moyo wa mama hasa, na hapo ndipo uhuru wa binti ungepimwa kwa mizani ya haki. Watungaji waliona hatari ya ngano, ambamo mgeni mzuri ni zimwi, lakini wao wenyewe hawakuikwepa. Zimwi lao lina gari na shati safi, lakini ni zimwi lile lile, na tangu mwanzo lajulikana kwa meno yake.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi. Baada ya swali lake juu ya shule, swali lililo kali kuliko yote katika mchezo mzima, Gathoni hajibiwi. Si siku ile wala baadaye. Mambo yanapoharibika anajikuta nje ya nyumba ya wazazi wake, anakwenda kufanya kazi katika baa, na sisi twazipata habari zake kwa midomo ya wengine. Ni kweli kwamba jirani yao, Gicaamba, amtetea kwa maneno mazuri: hataki watoto wa maskini waitwe majina mabaya, ataka tuwalaumu waliowafikisha hapo. Ni utetezi wa kiungwana. Lakini ni mwanamume anayesema, tena mzee, tena hadharani, wakati mwenye shauri hayupo. Hata yale maneno ya fahari yaliyoupa mchezo jina lake, watungaji hawakumwekea Gathoni yawe yake. Waliyaweka katika wimbo wa mlevi apitaye. Ukumbi hucheka. Lakini msichana anayetazama angetaka kuyasikia maneno hayo kutoka katika kinywa kisicholewa.

Na Wangeci je? Naye amedhulumiwa. Mama aliyeambiwa na mwanawe kwamba alimnyonya jasho lake ana haki ya kujibu. Pengine angesema: mimi pia sikusomeshwa, mimi pia nilichuma chai ya mtu, nilidhani nikimsomesha mmoja, atatuinua sote. Jibu hilo lisingemwondolea lawama, lakini lingemfanya binti amwone mama yake kwa mara ya kwanza kama msichana wa zamani aliyefungiwa mlango ule ule. Onyesho hilo la wawili hao, bila Kioi, bila Gicaamba, bila wimbo, halimo. Mchezo unaopigania haki ya wanyonge wote uliwasahau wanyonge wawili jikoni, ukakimbilia uwanjani.

Waweza kunipinga. Waweza kusema kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo katika nyumba zetu: swali la binti halijibiwi, na mtungaji mwaminifu huonyesha kimya kama alivyokikuta. Hoja hiyo ina nguvu, nami naiheshimu. Lakini kuna kimya kinachoonyeshwa na kimya kinachosahauliwa. Kimya kinachoonyeshwa, mtungaji hutufanya tukisikie: mama husimama, hufungua kinywa, hukifunga. Kimya kinachosahauliwa hupita kama gari katika barabara ya Garissa, wala hujui kama kulikuwa na mtu ndani. Nauona mchezo huu umechanganya vyote viwili, na kazi yako, ukiusoma, ni kutenga kimoja na kingine.

Kwa nini nasisitiza jambo hili mbele ya vijana? Kwa sababu wengi wenu mtakutana nalo, na si kitabuni. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imekata mashauri mengine. Imesema ndoa ni muungano wa hiari. Imesema hapana ndoa chini ya umri wa miaka 18. Na imezipa ndoa zote zilizoandikishwa kwayo, za kidini, za kiserikali na za kimila, hadhi moja. Kioi asingeweza leo kumwambia Wangeci, kwa mujibu wa sheria, kwamba ndoa yake ya mila iko chini ya ndoa ya kanisa. Basi mtoto wa shule, awe wa Migwani, Kyuso au Nuu, akiletewa habari ya posa, ana ngao. Naye mama anayeshikiwa ufito na njaa au na wakwe wenye haraka ana ngao hiyo hiyo: aweza kusema, si mimi ninayekataa, ni sheria.

Lakini sheria huuliza umri na hiari, kisha hunyamaza. Haiwezi kuuliza ni ujira wa nani uliolipa karo ya nani. Haiwezi kumwuliza msichana wa miaka 19, aliyekubali kwa hiari yake, kama hiari ile ilikuwa mapenzi au ilikuwa uchovu wa kuchota maji. Haiwezi kumkalisha mama, yule ambaye kwa Kikamba tunamwita mwaitu, na kumwuliza anaogopa nini hasa. Maswali hayo ni ya fasihi. Ndiyo kazi yake, na mtungaji akiiacha hapana afisa wa serikali atakayeifanya kwa niaba yake.

Kwa hiyo nakushauri, msomaji, uusome "Nitaolewa Nikipenda" mara mbili. Mara ya kwanza ufuate shamba: tazama jinsi hati inavyotoka ukutani na kuingia mkononi mwa tajiri. Hapo utasifu akili ya watungaji, na utafahamu kwa nini wakubwa wa mwaka 1977 waliuogopa. Mara ya pili ufuate swali la Gathoni: liandike pembeni, kisha tafuta katika kurasa zote zinazofuata ni nani anayelijibu. Utakapofika mwisho bila kupata jibu, usikifunge kitabu upesi. Chukua kalamu na karatasi mbili. Katika ya kwanza andika jibu la Wangeci, kwa haki, kana kwamba wewe ndiwe mama. Na katika ya pili andika neno ambalo Gathoni angemrudishia. Waite wenzako darasani walisome kwa sauti, mvulana asome maneno ya binti, msichana asome maneno ya mama. Mkiona ya kwamba kila karatasi ina haki yake, na kwamba hapana hata moja iliyomtaja John Muhuuni, basi mtakuwa mmefahamu ugomvi huu ulikuwa juu ya nini.